TUZO, KILEMBA NA ARBUNI: LUGHA YA MAGAZETI KATIKA KUWAHAKIKI VIONGOZI WALIOTUNUKIWA TUZO YA AMANI

Utangulizi

Kila anapotunukiwa kiongozi wa siasa Tuzo ya Amani ya Nobel, vyombo vya habari hugawanyika. Viko vinavyoshangilia na viko vinavyolaumu. Lawama hizo aghalabu husomwa kana kwamba ni neno moja tu, yaani kwamba aliyepewa hakustahili. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba chini ya neno hilo mna hoja tatu zilizo mbalimbali, kila moja ikiwa na wakati wake na ushahidi wake. Yanakusudia pia kuonyesha kwamba Kiswahili kina msamiati wa kuzitenganisha hoja hizo, ijapokuwa msamiati huo hautumiki sana katika uandishi wa habari.

Mifano itakayochunguzwa ni ya Henry Kissinger (1973), Barack Obama (2009) na Abiy Ahmed (2019). Miwili ya mwisho inaigusa Kenya kwa karibu. Baba yake Obama alikuwa Mkenya, na nyumbani kwao ni Kogelo, Siaya. Kadhalika, baada ya mapatano ya kusimamisha vita vya Tigray kutiwa sahihi Pretoria tarehe 2 Novemba 2022, makamanda wa pande mbili walikutana Nairobi na kutia sahihi maafikiano ya utekelezaji tarehe 12 Novemba.

Wasia na taratibu zake

Alfred Nobel alitia sahihi wasia wake tarehe 27 Novemba 1895. Kwa upande wa amani, aliagiza kwamba atunzwe mtu ambaye, katika mwaka uliotangulia, amefanya kazi kubwa au bora kupita wengine katika kuleta udugu baina ya mataifa, katika kuondoa au kupunguza majeshi ya kudumu, na katika kuendeleza mikutano ya amani. Uteuzi aliuachia watu watano wanaochaguliwa na Bunge la Norway. Tuzo ya kwanza ilitolewa mwaka 1901.

Mambo mawili yanafaa kuangaliwa hapa. Kwanza, wasia unatazama nyuma: unataja mwaka uliopita, wala hautaji mwaka ujao. Pili, unataja kazi iliyofanywa, si nia ya kufanya kazi. Walakini Kamati ya Nobel, katika maelezo yake ya nyakati mbalimbali, imekuwa ikisema kwamba tuzo yaweza pia kumtia mtu nguvu aendelee na njia aliyoianza. Zaidi ya hayo, taratibu haziruhusu rufani dhidi ya uamuzi wa Kamati, wala haziruhusu tuzo kufutwa. Kwa hiyo kutangaza kwamba fulani ametunukiwa ni usemi ambao wenyewe ni kitendo, na kikishatendeka hakitenduliki. Uzito wa lawama za magazeti unatokana na hali hiyo: hapana mahali pengine pa kupeleka shauri.

Maneno matatu ya kutolea

Kiswahili hakikosi maneno ya kueleza kitu kinachotolewa kwa ajili ya kazi. Matatu yatatosha hapa.

La kwanza ni tuzo lenyewe. Kitenzi chake, kutuza, au kutunza kama wasemavyo wengine, ni kitendo cha ngomani na penye taarabu. Mtazamaji aliyependezwa huinuka, humwendea mwimbaji na kumpa fedha mbele ya watu, na huku wimbo ukiendelea. Mambo yote yako wazi: anayetoa anaonekana, anayepokea anaonekana, na kinachotuzwa kinasikika papo hapo. Asiyeridhika naye anao ushahidi ule ule wa kukataa.

La pili ni kilemba, yaani malipo ya heshima anayopewa fundi na mwanafunzi wake au wazee wa mwanafunzi, mafunzo yakishakwisha. Kilemba hakitolewi siku ya kwanza. Ni ushahidi kwamba kazi imetimia na kwamba mwanafunzi sasa anaweza kusimama peke yake.

La tatu ni arbuni, fedha anazotanguliza mnunuzi ili kuufunga mkataba ambao bado haujatimizwa. Wako wanaoliita rubuni, na msomaji hatakosa kuona jinsi linavyokaribiana na kitenzi kurubuni, yaani kumvuta mtu kwa hila. Arbuni si jambo baya katika biashara. Bali ina sharti lake. Mwenye kuitoa na mwenye kuipokea wote wawili wanajua kwamba kazi haijafanywa.

Tuzo ya Amani ya Nobel huitwa kwa jina la kwanza, husifiwa kwa lugha ya jina la pili, na mara nyingine hutolewa kwa kusudi la jina la tatu. Hapo ndipo penye chanzo cha ugomvi.

Hoja ya kwanza: kitendo kinachopingwa na kitendo

Tarehe 16 Oktoba 1973 ilitangazwa kwamba Kissinger wa Marekani na Le Duc Tho wa Vietnam ya Kaskazini watagawana tuzo, kwa sababu ya mapatano ya Paris ya tarehe 27 Januari mwaka huo. Le Duc Tho aliikataa, akasema kwamba amani haijapatikana bado. Wajumbe wawili wa Kamati walijiuzulu. Tahariri ya New York Times iliiita tuzo hiyo kuwa ni ya vita. Kissinger hakwenda Oslo. Balozi wa Marekani alimpokelea. Saigon ilipoanguka tarehe 30 Aprili 1975, alitaka kuirudisha, na Kamati haikukubali.

Hoja ya wahakiki wa 1973 haikuwa kwamba Kissinger hajafanya kitu. Ilikuwa kwamba alilolifanya meza ya mazungumzo haliwezi kutengwa na mengine yaliyofanywa na serikali aliyokuwa akiitumikia. Mnamo Desemba 1972, wiki chache tu kabla ya sahihi za Paris, ndege za Marekani zilikuwa zimeipiga mabomu miji ya Hanoi na Haiphong, na Kambodia iliendelea kupigwa hadi Agosti 1973. Hii ni hoja ya ngomani: mtazamaji anasema kwamba naye aliusikia wimbo huo, na haukuwa huo unaosifiwa. Ushahidi wake ni wa wakati uliopita, nao unaweza kupimwa.

Nyaraka za Kamati zilizofunguliwa mwaka 2023, baada ya miaka 50, zimeongeza jambo. Pendekezo la majina hayo lilitoka kwa mjumbe wa Kamati yenyewe, nalo liliandikwa siku mbili tu baada ya mapatano kutiwa sahihi. Wino ulikuwa haujakauka, na kilemba kilikuwa kimekwisha kutafutwa.

Hoja ya pili: kitendo kisichokuwapo bado

Obama aliapishwa tarehe 20 Januari 2009. Mapendekezo ya majina ya mwaka huo yalifungwa tarehe 1 Februari, yaani siku 12 baadaye. Tarehe 9 Oktoba ikatangazwa kwamba ametunukiwa kwa juhudi za kuimarisha diplomasia na ushirikiano baina ya watu, na kwa fikra yake ya ulimwengu usio na silaha za nyuklia. Kamati ilisema kwamba ameleta hali mpya katika siasa za kimataifa.

Inafaa kuitazama sentensi hiyo kwa jicho la kisarufi. Kiambishi -me- kinadai kwamba jambo limekwisha kutimia na kwamba matokeo yake yanaonekana. Lakini kilichotajwa ni hali, si tendo. Hakuna mkataba, mpaka, wala jeshi lililorudi kambini. Wahakiki wengi waliishika nafasi hiyo. Waliandika kwamba anatuzwa kwa kutokuwa George W. Bush, mtangulizi wake, au kwa matumaini ya wanaomtuza. Tarehe 1 Desemba Obama alitangaza kupeleka askari 30,000 zaidi Afghanistan, na siku tisa baadaye akasimama Oslo kupokea. Katika hotuba yake mwenyewe alikubali kwamba mafanikio yake ni madogo akilinganishwa na watu kama Martin Luther King na Mandela, na kwamba yeye ni amiri jeshi wa nchi iliyo katika vita viwili. Geir Lundestad, aliyekuwa katibu wa Kamati, aliandika katika kumbukumbu zake za mwaka 2015 kwamba tuzo hiyo haikutimiza yaliyotarajiwa.

Hoja hii ni ya arbuni. Haimtuhumu aliyepewa kwa uovu wowote, bali inamtuhumu mtoaji kwa kuita malipo ya kutanguliza kwa jina la malipo ya kazi. Mhakiki anayeandika kwamba Obama hakustahili amekosea njia kidogo. Swali lake hasa ni kwa nini Kamati ilitumia -me- mahali pa -ta-.

Hoja ya tatu: kitendo kilichogeuka

Abiy Ahmed alikuwa waziri mkuu wa Ethiopia Aprili 2018. Tarehe 9 Julai mwaka huo, yeye na Rais Isaias Afwerki walitia sahihi Asmara tamko la kumaliza uadui uliotokana na vita vya 1998 hadi 2000. Tarehe 11 Oktoba 2019 Kamati ilimtunukia Abiy peke yake. Ilitaja kwamba amani haipatikani kwa mkono wa mtu mmoja, ikakiri pia kwamba wako watakaoona tuzo imetolewa mapema. Alipokwenda Oslo mwezi wa Desemba, Abiy hakukubali kuulizwa maswali na waandishi wa habari, na Taasisi ya Nobel haikuficha kutoridhika kwake.

Tarehe 4 Novemba 2020 vita vilianza Tigray. Majeshi ya Eritrea yaliingia kupigana upande wa serikali ya shirikisho, na Machi 2021 Abiy alikiri kwamba yalikuwamo. Mapatano yaliyotuzwa kama udugu baina ya mataifa mawili yakawa, machoni pa watu wa Tigray, udugu wa majeshi mawili juu yao. Januari 2022 Kamati ilitoa tamko kwamba Abiy, akiwa waziri mkuu na mtunukiwa, ana jukumu la pekee la kumaliza mapigano. Zaidi ya tamko hilo haikuwa na la kufanya.

Lawama za baada ya tukio ni nyepesi kuandika, na baadhi ya magazeti yaliyolaumu mwaka 2020 yalikuwa yameshangilia mwaka mmoja kabla. Kwa sababu hiyo hapana budi kutenganisha yaliyoweza kujulikana na yasiyoweza. Oktoba 2019 hakuna aliyejua tarehe ya vita. Lakini ilijulikana kwamba vituo vya mpakani vilivyofunguliwa kwa shangwe Septemba 2018 vilikuwa vimefungwa tena. Mhakiki aliyelitaja jambo hilo wakati ule alifanya kazi yake. Aliyelikumbuka baada ya vita alifanya kazi ya mwandishi wa historia.

Mshindi au mtunukiwa?

Kuna kitenzi kimoja kinachozidi kuikoroga mada hii. Habari nyingi za Kiswahili husema kwamba kiongozi fulani ameshinda tuzo. Katika kauli hiyo mtenda ni mpokeaji. Picha inayokuja ni ya mbio: wengine walikimbia, yeye akatangulia, na refa hana zaidi ya kutangaza. Anayesema ametunukiwa anatumia kauli ya kutendewa, na kauli hiyo inaacha mlango wazi kwa kiunganishi na: ametunukiwa na nani? Swali hilo likishaulizwa, lawama hupata mahali pake. Watu watano wana majina, wana sababu walizoziandika, na sababu hizo zaweza kusomwa na kupingwa.

Haisemwi hapa kwamba kila lawama itaingia katika mafungu haya matatu. Profesa Wangari Maathai alipotunukiwa mwaka 2004, akiwa mbunge na waziri msaidizi, kazi yake ya tangu 1977 ilionekana kwa macho. Kilikuwa kilemba cha haki. Hata hivyo wako waliouliza, huko Norway kwenyewe, upandaji wa miti unahusiana nini na amani. Hilo ni shauri la maana ya neno amani, wala si la ustahili wa mtu.

Hitimisho

Wahenga walisema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hiyo hutajwa kumwonya mgema, lakini inafaa kukumbuka ni nani anayelinywa hilo tembo. Si lazima awe yule aliyesifu. Waliotoa sifa za mwaka 2019 walikuwa Oslo na katika vyumba vya wahariri. Waliobeba yaliyofuata walikuwa Mekelle, Axum na Adigrat.

Kwa ajili hiyo, uchunguzi wa maneno ya tuzo si pambo la wanaisimu. Mwandishi wa habari anayeuliza kwanza kama kinachotolewa ni tuzo, kilemba au arbuni atajua atafute ushahidi wa wakati gani, na lawama yake aielekeze kwa nani. Idara za lugha zinazowafundisha waandishi hao zinaweza kuanza na zoezi dogo: kuisoma taarifa ya Kamati, kuvipigia mstari vitenzi vyake, na kupanga upande mmoja vyenye -li- na -me- na upande wa pili vyenye -ta-. Upande wa pili ukizidi wa kwanza, msomaji anastahili kuambiwa siku hiyo hiyo.