Wajane watarajiwa wa Julai 1969

Kuna karatasi ya Ikulu ya Marekani, ya Julai 18, 1969, ambayo tangu niisome haijaniacha. Inahusu maafa ya mwezini, endapo yangetokea. Aliyeiandika ni William Safire, mwandishi wa hotuba za Rais Nixon. Aliyeandikiwa ni H. R. Haldeman, msaidizi mkuu wa Rais. Siku hiyo Neil Armstrong na Buzz Aldrin walikuwa bado njiani kwenda mwezini, na tanzia yao ilikwisha kuandikwa.

Hotuba yenyewe ni fupi, na inasifiwa sana. Mimi nilinaswa na maelekezo yaliyo chini yake. Kabla ya kuhutubia taifa, Rais awapigie simu wajane watarajiwa, mmoja baada ya mwingine. Kisha asome. NASA ikishakata mawasiliano na wanaume hao, kasisi aongoze ibada kama ya maziko ya baharini, amalizie na Baba Yetu.

Yaani simu ingelia nyumbani huku mume angali anapumua.

Baadaye Safire alisimulia kwamba wazo halikuwa lake. Frank Borman, mwanaanga aliyekuwa kiungo kati ya NASA na Ikulu, alimpigia kumshauri afikirie msimamo mwingine wa Rais iwapo safari ingeharibika. Safire akawa mzito kuelewa. Borman akaiacha lugha ya kiofisi: kwa mfano, wajane tuwafanyie nini? Hapo akaelewa. Hatari iliyohofiwa zaidi, alieleza Safire, ilikuwa kuondoka mwezini. Chombo kikigoma kupaa, mitambo ya mawasiliano ingezimwa, na wale wawili wangekufa kwa njaa au wangejiua.

Sisi tuliowahi kusoma msiba wa ndugu kwenye kundi la WhatsApp, kabla wazee waliotumwa hawajabisha hodi, hatuhitaji kuelezwa kwa nini simu ilitangulia hotuba. Safire alipanga nani ajue kwanza, jambo ambalo wasemaji wengi wa mashirika hulikumbuka kamera zikiwa zimeshafika mlangoni.

Wanaanga walirudi salama Julai 24. Karatasi ikalala kwenye nyaraka mpaka mwandishi wa habari James Mann alipoiibua mwaka 1999.

Lakini Ikulu ni ileile. Juni 1972 watu walipokamatwa wamevunja ofisi za chama cha Democratic katika jengo la Watergate, msemaji wa Ikulu, Ron Ziegler, aliuita uvamizi huo wizi wa daraja la tatu. Haldeman, aliyeipokea karatasi ya Safire, aliishia gerezani kwa kashfa hiyo. Kwa msiba ambao usingekuwa hatia yao, walikuwa na maneno tayari. Kwa hatia yao wenyewe, walificha.

Na hata mpango wa Safire una matundu. Hausemi nani angewaaga Armstrong na Aldrin, wala kama wangesomewa hotuba yao. Michael Collins, mwanaanga wa tatu wa safari hiyo, ambaye angelazimika kurudi duniani peke yake akiwa amewaacha wenzake hai, hatajwi kabisa. Yeye angepigiwa na nani?