Ushauri wa Mhogo: Redio, Kitochi, Simu Janja au Bwana Shamba?

Msimu uliopita shangazi yangu, mkulima wa mhogo wilayani Mkuranga, aling'oa mche ulionawiri kuliko yote upande wa barabarani. Shina nene, majani ya juu mabichi kabisa. Alipoupasua mhogo wa kwanza kwa panga, ndani palikuwa na madoa ya kahawia, makavu, yanayomeguka. Akapasua wa pili na wa tatu, hali ni ile ile. Ulikuwa ugonjwa wa michirizi kahawia, ambao watafiti wa kituo cha Amani, Tanga, waliueleza tangu mwaka 1936, na bado unatuibia chakula chini ya udongo huku juu tukiona shamba zuri.

Jioni akanipigia. "Mwanangu, wenzangu wanasema simu kubwa inatambua magonjwa. Niuze mbuzi ninunue?"

Mbuzi wa shangazi ni akiba yake, kwa hiyo sikutaka kumjibu kwa haraka. Nilichukua daftari nikaanza kulinganisha njia alizonazo.

Redio anayo tayari. Gharama yake ni betri tu, na nyumba nzima inasikiliza, hata asiyejua kusoma. Kwa tahadhari za msimu, mvua na wadudu wanaovamia eneo kubwa, sioni cha kuishinda kwa bei. Lakini redio haijawahi kuliona shamba lake.

Kitochi nacho anacho. Ujumbe mfupi una nafasi ya herufi 160, na Kiswahili chetu chenye maneno marefu hulijaza eneo hilo upesi: "Panda pingili kutoka shamba lisilo na ugonjwa, nafasi mita 1 kwa 1, ng'oa mche ulioathirika." Ni ushauri sahihi kila neno. Ila mche ulioathirika unafananaje? Hapo ndipo ujumbe unapokuishia mkononi.

Hata hivyo nisiubeze. Mwaka 2019 Raissa Fabregas, Michael Kremer na Frank Schilbach walichapisha katika jarida la Science uchambuzi wa tafiti za ushauri wa kilimo kupitia simu, na wastani wa ongezeko la mavuno ulikuwa asilimia 4. Kwa mkulima wa mahindi anayevuna magunia 10 ya kilo 100, hizo ni kilo 40, yaani debe mbili na ushee. Kama ujumbe ni wa bure, debe mbili ni pesa ya daftari za watoto. Kama unakatwa salio kila siku kwa huduma uliyojiunga nayo bila kujua, piga hesabu ya msimu mzima kabla ya kushangilia. Na uliza pia laini imesajiliwa kwa jina la nani. Nyumba nyingi nilizotembelea, anayepalilia ni mama, na anayepokea ujumbe ni baba aliyeko kijiweni.

Sasa hiyo simu kubwa. Programu ambayo wenzake shangazi waliisikia ni Nuru, ya mradi wa PlantVillage wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, iliyotengenezwa pamoja na watafiti wa taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA. Haiuzwi. Unahitaji bando siku ya kuipakua, kisha inachunguza jani hata mahali pasipo na mtandao. Unaelekeza kamera kwenye jani, nayo inakuambia kama inaona batobato, michirizi kahawia au uharibifu wa utitiri.

Inaaminika kiasi gani? Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kuwa kwa jani moja Nuru ilipatia kwa asilimia 65. Maafisa ugani waliopimwa walipatia kati ya asilimia 40 na 58, na wakulima kati ya 18 na 31. Mche huo huo ulipopimwa majani sita, Nuru ilifika kati ya asilimia 74 na 88. Anayepiga picha jani moja na kuondoka hajapata yote ambayo simu inaweza kumpa. Na majani yenyewe yanataka kuchaguliwa: batobato hujionyesha kwenye majani machanga ya juu, yaliyojikunja na kuwa na mabaka ya njano, lakini michirizi kahawia huanzia kwenye majani makubwa ya chini, njano ikifuata mishipa ya jani. Shangazi alikuwa akitazama juu. Ndiyo maana mche ule ulimdanganya.

Bwana shamba bado ana nafasi yake. Anazijua njia za kupata pingili safi, anamjua mtu wa taasisi ya utafiti wa kilimo, TARI, huko Kibaha, na unaweza kumbishia. Tatizo ni kwamba kata ni kubwa na yeye ni mmoja, na mara nyingi ni mkulima anayemchangia mafuta ya pikipiki. Kukabili tatizo kama hilo, huko India shirika la Digital Green lilirekodi wakulima wenyewe kwa video, kisha mtu wa kijijini akazionyesha kwa vikundi, akisimamisha picha na kuuliza maswali. Utafiti wa mwanzo ulikuta kwamba kwa kila dola iliyotumika, njia hiyo ilikuwa na tija mara 10 kuliko ugani wa kawaida peke yake. Mimi nasisitiza huyo mtu anayesimamisha picha. Video ikitumwa bila yeye, inabaki kuwa video tu.

Kuna njia ya tano isiyohesabiwa: kundi la WhatsApp la duka la pembejeo. Kuingia ni bure, na majibu huja ndani ya dakika. Nilipotuma picha ya jani la shangazi kwenye kundi moja, nilijibiwa jina la dawa na bei yake. Inaniuma, kwa sababu batobato na michirizi kahawia ni magonjwa ya virusi, na hakuna dawa ya kupulizia inayoponya mche uliokwisha kuugua. Angenunua chupa ile, ungekuwa ushauri wa gharama kubwa kuliko yote niliyoandika kwenye daftari.

Hesabu niliyompelekea ni hii. Tuseme simu janja ya bei ya chini ni shilingi 180,000. Akinunua peke yake, mbuzi ameondoka. Kikundi chao kina watu 15, hivyo kila mmoja atoe 12,000, simu ikae kwa katibu, ambaye ni binti anayejua kuitumia. Kitochi abaki nacho kwa ujumbe wa mvua. Na mbuzi akiuzwa, fedha iende kwenye pingili safi: kwa nafasi ya mita 1 kwa 1, ekari yake inataka pingili kama 4,000, na hilo simu haimpi.

Alikubali, ila kwa sharti lake: simu ipite kwenye shamba la kila mwanachama kabla mtu yeyote hajakata pingili za kumpa jirani. Walianzia kwake, upande wa barabarani, majani sita kila mche, ya chini kwanza.