Ulilala Wapi Wiki Mbili Zilizopita?

Miaka kadhaa iliyopita, mama mmoja kutoka upande wa Nyamira aliingia chumbani mwangu akiwa amejifunika shuka mbili. Alilalamika kuhusu homa, kuumwa na kichwa na maumivu ya viungo. Ulikuwa msimu wa mvua na baridi, na asubuhi hiyo nilikuwa nimeona wagonjwa wengi wa mafua. Nilimpa tembe za kutuliza maumivu, nikamwambia anywe maji mengi na apumzike.

Siku ya tatu aliletwa akiwa hajitambui. Damu yake ilipopimwa, ilikuwa imejaa viini vya malaria. Alipona, lakini baada ya siku tisa kitandani. Mamake mzazi alinitazama akasema, "Daktari mwanangu, kwani hukumwuliza ametoka wapi?"

Sikuwa nimemwuliza. Binti yake alikuwa akipeleka ndizi Homa Bay na kurudi na omena, na kila safari alilala siku mbili tatu karibu na ziwa.

Ndugu msomaji, mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sehemu nyingi za Nyamira ziko juu zaidi. Baridi ya huku hupunguza mbu, na hata viini vilivyomo ndani ya mbu hukua polepole. Kwa sababu hiyo hatuugui malaria mara nyingi kama jirani zetu wa ziwani, na miili yetu haijazoea kupigana nayo. Inapozuka, kama ilivyozuka mwaka wa 2002, huangusha hata watu wazima wenye nguvu zao.

Lakini ni nani anayeileta? Mbu haruki kutoka Homa Bay hadi Nyamira. Vinavyosafiri ni viini, ndani ya damu ya mtu aliyekwenda kutafuta riziki. Akifika nyumbani, mbu wa hapa humuuma, kisha huwauma jirani zake.

Jambo hili lilichunguzwa kwa njia ya simu za mkononi. Mwaka wa 2012 watafiti wa Marekani, wakiwemo Amy Wesolowski, na Caroline Buckee wa Chuo Kikuu cha Harvard, walishirikiana na wataalamu wa malaria waliokuwa Nairobi, Abdisalan Noor na Robert Snow. Walichapisha matokeo yao katika jarida la Science. Walikuwa wamefuata nyendo za simu karibu milioni 15 nchini Kenya kati ya Juni 2008 na Juni 2009. Majina ya wenye simu yalifichwa. Kilichotazamwa ni mnara uliopitisha kila simu au ujumbe, kisha safari hizo zikalinganishwa na ramani ya malaria. Ilibainika kwamba eneo la Ziwa Victoria lilikuwa chimbuko kubwa la viini vilivyobebwa na wasafiri, na vingi vilielekea Nairobi.

Mnara mmoja wa Kericho, kwa jirani zetu, uliwashangaza. Watu waliopiga simu hapo walisafiri mara 16 zaidi ya wastani wa eneo hilo. Picha za setilaiti zilipotazamwa, palionekana shamba kubwa la majani chai. Huenda wengi wao walikuwa vibarua wanaokwenda na kurudi kwao.

Ni elimu kubwa hiyo, lakini ina mipaka. Mnara hauwezi kumwona asiye na simu. Haujui kama ulilala ndani ya neti, wala hauwezi kukugusa paji la uso.

Simu imetusaidia hata sisi wenye makoti meupe. Mwaka wa 2011 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa katika vituo 107 vya afya vya mashambani, Pwani na magharibi mwa Kenya. Baadhi ya wahudumu walitumiwa ujumbe mfupi kwa miezi sita, kuwakumbusha jinsi ya kutibu watoto wenye malaria. Watoto waliotibiwa ipasavyo waliongezeka kwa karibu asilimia 24 kuliko kwingine. Sidhani wahudumu hao hawakuijua kazi yao. Foleni ikiwa ndefu, hata anayejua husahau. Nilisahau mimi.

Kwa hivyo, ukienda Homa Bay, Kisumu au Busia kwa biashara au kibarua, beba neti yako kama unavyobeba nauli. Dalili za malaria huanza kwa kawaida siku 10 hadi 15 baada ya kuumwa na mbu, wakati umekwisha kuisahau safari. Ukipata homa, usikimbilie dukani kununua tembe. Nenda ukapimwe damu siku hiyo hiyo, na ukipewa dawa, imalize hata ukijisikia nafuu. Mgonjwa akitapika kila kitu, akipata degedege au akianza kuchanganyikiwa, asisubiri kupambazuke.

Nanyi wenye mashamba na mabweni ya vibarua, mfanyakazi anayefika apewe neti kabla ya kupewa kikapu cha kuchumia.

Siku hizi kila mwenye homa akikaa mbele yangu, huanza kwa kumwuliza alilala wapi wiki mbili zilizopita. Daktari wako asipokuuliza, mwambie wewe.