Nishani ya anga za juu: Wanaanga huvalishwa, wa kituoni je?

MATAIFA makubwa yanayorusha vyombo angani huwatunuku nishani za serikali watu waliotoa utumishi uliotukuka katika uchunguzi wa anga za juu. Nchini Marekani, ya juu kabisa ni Nishani ya Heshima ya Anga ya Bunge la nchi hiyo, iliyoidhinishwa kisheria mwaka 1969, miezi michache baada ya binadamu kukanyaga mwezini.

Rais ndiye anayeitoa kwa niaba ya Bunge, baada ya kupokea mapendekezo ya Shirika la Anga la nchi hiyo, NASA. Ilitolewa kwa mara ya kwanza Oktoba 1, 1978, Rais Jimmy Carter alipowatunuku wanaanga sita, miongoni mwao Neil Armstrong na John Glenn. Hadi Januari 2023, ilipotolewa kwa Doug Hurley na Bob Behnken, waliokwishatunukiwa walikuwa 30. Kati yao 17 walitunukiwa wakiwa wamekwishafariki dunia, wakiwemo wote 14 waliokufa katika ajali za Challenger mwaka 1986 na Columbia mwaka 2003. Kwa hesabu hiyo, nishani hii imewaendea marehemu wengi kuliko walio hai.

Urusi nayo ilianzisha medali ya utumishi katika uchunguzi wa anga mwaka 2010, na Aprili 2011, katika kuadhimisha miaka 50 tangu Yuri Gagarin aruke, iliwatunuku pia wanaanga wa mataifa mengine.

Jina la Glenn lina uhusiano na nchi yetu ambao vijana wengi hawaufahamu. Februari 20, 1962 alipoizunguka dunia mara tatu, chombo chake kilifuatiliwa na mlolongo wa vituo 18 vya nchi kavu na melini. Baada ya Kano, Nigeria, kituo kilichofuata kilikuwa Zanzibar, eneo la Tunguu, kisiwani Unguja. Enzi hizo hapakuwa na setilaiti za kupeleka sauti, hivyo chombo kilipotoka katika upeo wa kituo kimoja, mawasiliano yalikatika hadi kilipofikia kingine. Kituo kimoja kikinyamaza, hakuna aliyejua hali ya mtu aliyeko juu.

Kituo hicho kilijengwa kwa makubaliano ya Uingereza na Marekani ya mwaka 1960, wakati Wazanzibari wenyewe hawajapata uhuru. Chama cha Hizbu kilikipinga vikali, na wapo walioamini kuwa ni kituo cha makombora. Hofu hiyo haikuwa ya ajabu kwa watu ambao wakubwa wawili walikuwa wamekubaliana juu ya ardhi yao.

Mei 1963 Gordon Cooper, akizunguka dunia mara 22, aliisalimu Afrika akiwa anapita juu ya Zanzibar na kuwatakia mafanikio viongozi waliokuwa wakikutana Addis Ababa, siku chache kabla ya kuundwa kwa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) Mei 25. Cooper hakuwahi kupewa nishani ya Bunge.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, serikali ya Mzee Abeid Amani Karume iliwataka Wamarekani wakiondoe kituo hicho, na kikafungwa Aprili mwaka huo huo.

Mafundi na madaktari waliokesha Tunguu wakifuatilia mapigo ya moyo ya mwanaanga hawakuweza kuwa katika orodha ya nishani hiyo, kwa kuwa sheria inataja wanaanga pekee. Kwa watumishi wengine ipo Medali ya Utumishi Uliotukuka ya NASA. Februari 1962 Rais John Kennedy alimvalisha Glenn medali hiyo, na papo hapo akamvalisha Robert Gilruth, mkuu wa mradi, ambaye hakuwahi kuruka.

Mkazi wa Ilemba, huko Bonde la Ziwa Rukwa mkoani Rukwa, anaweza kuuliza yanamhusu nini. Yanamhusu, kwani utabiri wa mvua anaousikia redioni hutegemea kwa sehemu picha za setilaiti. Jirani zetu wameshaanza: Uganda ilipata setilaiti yake ya kwanza mwaka 2022, na Aprili 15, 2023 Kenya ikarusha Taifa-1, ambayo miongoni mwa kazi zake ni kupiga picha kwa ajili ya kilimo.