Akiba ya Kina Mama Kabla ya Masika

Mafuriko ya masika ya mwaka 2024 yaliwakuta kina mama wengi wa Kibera na biashara zao pale pale mlangoni: karai la viazi, gunia la makaa, meza ya mboga. Mto Ngong, upitao kusini mwa mtaa huo kuelekea Bwawa la Nairobi, ulipopanda, haukuchukua nyumba tu bali na mtaji. Na mtaji wa mama muuza mboga ni mdogo hata haufiki kwenye hesabu za benki. Ukienda na maji, watoto hulala njaa usiku ule ule.

Kibera si mtaa mgeni kwetu Waislamu. Jina lake ni neno la Kinubi lenye maana ya msitu, na waliotangulia kukaa pale walikuwa askari Wanubi wa jeshi la Kiingereza pamoja na ahali zao. Mwaka 2017 wajukuu wao walikabidhiwa hati ya ardhi ya ekari 288. Mabibi wa Kinubi, wasukao tabaga za rangi za kufunikia chakula, walijua biashara ya ushirika kabla mashirika hayajaja kuifundisha.

Leo huko Kibera na Kawangware ushirika huo huitwa chama, nasi huku pwani twauita mchezo. Kila wiki watu hutoa, na mmoja hupokea. Ukame wa 2020 hadi 2023 ulipopandisha bei ya vyakula, faida ya kupanda mboga nyumbani ilidhihirika. Gunia hujazwa udongo, katikati husimamishwa mawe ya kupitisha maji, na sukuma wiki hupandwa juu na ubavuni. Kilimo hiki kilienea sana Kibera baada ya machafuko ya 2008. Mto ukitisha, gunia laweza kuwekwa mahali pa juu, shamba haliwezi.

Kuna pia makaa ya vumbi, yafinyangwayo kwa chenga za makaa na udongo. Watafiti walipima huko Kahawa Soweto, Nairobi, wakaona kuwa mlo wa mahindi na maharage wa watu 5 ulipikwa kwa makaa hayo ya shilingi 3, ilhali makaa ya kawaida yalihitaji shilingi 26. Chenga hizo ni uchafu ambao muuzaji angeutupa, na kila tonge lifinyangwalo hupunguza haja ya kukata mti.

Lakini nina neno juu ya mikopo. Vyama vingi hukopesha wanachama kwa riba ya kila mwezi, na faida hugawanywa mwisho wa mwaka. Mbali na uharamu wake, tazameni inavyofanya kazi siku ya maafa: aliyesombewa meza hukopa, na riba yake huwa gawio la jirani ambaye hakuguswa na maji. Mama huyo amezama mara mbili. Badala yake kuna kardhi hasana, deni lirudishwalo kama lilivyo, na kuna mudharaba, ambapo kikundi hutoa mali na mama akatoa kazi, faida ikagawanywa kwa mapatano, na hasara isiyotokana na uzembe wake ikabaki kwa mwenye mali.

Jambo la pili ni la hesabu tu. Chama ambacho wanachama wake wote wakaa ukingo mmoja wa mto, siku ya mafuriko wote huwa waombaji na hakuna mtoaji. Ni heri wa Kibera waungane na wa Kawangware, tena watenge fungu lisiloingia katika mzunguko. Nabii Yusuf (a.s.) aliihifadhi nafaka ya Misri miaka ya neema, wala hakungoja njaa ibishe hodi.

Nasi wa pwani tuna mlango wetu. Fukara na maskini wana haki katika zaka, na aliyelemewa na deni kwa maafa huingia katika fungu la wadaiwa. Katika madhehebu yetu ya Shafii, aliyekwisha kumiliki nisabu yajuzu kuitanguliza zaka ya mwaka wake kabla haujatimia. Masika huanza Machi. Mwenye nisabu anaweza kuitoa Februari, magunia yakiwa bado yanajazwa udongo.