Dawa ya Viwavi Itokayo Udongoni

Wasikilizaji wetu, na ninyi mtakaoyasoma maneno haya kitabuni, leo twapenda kuwaeleza habari za kijidudu kidogo mno kikaacho udongoni. Kwa macho hakionekani, lakini chaweza kumwokolea mkulima bustani yake ya kabichi.

Kila alimaye mboga amjua kiwavi wa kabichi. Mama yake ni nondo mdogo wa rangi ya kijivu, atagaye mayai juu ya majani. Kiwavi atokaye humo ni mwembamba, wa kijani, na urefu wake ni kama sentimita moja tu. Hukaa upande wa chini wa jani na kulila hata likawa kama chujio. Ukimgusa hujipindapinda, kisha hujiangusha na kuning'inia kwa uzi.

Wakulima wengi wakiona hivyo hukimbilia sumu kali. Hunyunyiza leo, hunyunyiza tena baada ya siku chache, na pengine kabichi hupelekwa sokoni sumu haijakwisha nguvu. Ni nani watakaoila? Ni watoto wetu na wa jirani zetu. Tena sumu nyingi hazichagui. Humwua kiwavi, na pamoja naye nyigu mdogo atagaye mayai ndani ya mwili wa kiwavi na kumwangamiza. Nyigu wa namna hii waliletwa kwa makusudi katika milima ya Taita, nchini Kenya, mwaka 2002, wawasaidie wakulima. Amwuaye nyigu huyu amejiondolea mlinzi wa shamba lake.

Basi kijidudu tunachokisema kilijulikanaje? Mwaka 1901 mtaalamu wa Japani, Ishiwata Shigetane, alichunguza ugonjwa uliowaua ghafula viwavi wa hariri, akakiona ndani yao. Baadaye Ernst Berliner wa Ujerumani alikikuta katika viwavi wa nondo wa unga, waliotoka katika kinu kimoja cha jimbo la Thuringia. Mwaka 1915 akakiita Bacillus thuringiensis, kwa jina la jimbo hilo. Siku hizi watu hufupisha na kusema Bt. Mwaka 1938 dawa ya kwanza iliyotengenezwa kwa kijidudu hiki ilikuwa imekwisha anza kuuzwa Ufaransa.

Sasa tueleze jinsi kinavyoua. Kijidudu hiki kikitaka kupumzika hufanya mbegu, na kando ya mbegu hiyo hufanya kijiwe kidogo cha protini. Kiwavi alapo jani lililonyunyizwa, hukimeza kijiwe hicho. Maji ya utumbo wa kiwavi yana ukali kama wa magadi, na katika ukali huo kijiwe huyeyuka, kikageuka sumu itoboayo utumbo wake. Saa chache baadaye kiwavi huacha kula, na baada ya siku mbili au tatu hufa. Tumbo la mwanadamu si la magadi, bali lina uchachu kama wa ndimu. Wala utumbo wetu hauna mahali pa sumu hiyo kujishikiza. Ndiyo sababu dawa hii imwuayo kiwavi haimdhuru alaye kabichi. Naye nyigu, kwa kuwa hali jani, husalimika.

Lakini dawa hii yataka akili kuliko sumu ya kawaida. Yapasa kuyashika mambo haya:

Kwanza, geuza majani na kutazama mara kwa mara, ukanyunyize viwavi wangali wadogo. Wakubwa hawafi upesi.

Pili, nyunyiza jioni, kwa maana jua kali huiharibu dawa hii. Na mvua nayo huiosha. Hakikisha imefika upande wa chini wa jani, kwani isipoliwa haiui.

Tatu, usiichanganye na maji ya magadi wala ya majivu, maana kijiwe kitayeyuka ndani ya bomba kabla ya kufika tumboni mwa kiwavi.

Nne, usiitarajie kuua vidukari. Hao hufyonza utomvu wa ndani, wala hawatafuni jani.

Tano, fuata kipimo kilichoandikwa juu ya pakiti, usivute vumbi lake, na nawa mikono baadaye. Afugaye viwavi wa hariri asiikaribishe kamwe.

Kila aina ya kijidudu hiki ina adui wake. Mwaka 1976, katika jangwa la Negev nchini Israeli, ilipatikana aina iuayo viluwiluwi wa mbu. Dawa ya viluwiluwi ya namna hiyo ilianza kutengenezwa Tanzania pia, katika kiwanda kilichofunguliwa Kibaha mwaka 2015. Lakini dawa ya mbu haifai kwa kabichi, wala ya kabichi haifai kwa mbu. Kabla ya kununua, mwulize Bwana Shamba.

Liko jambo moja la kuogopa. Mkulima akinyunyiza dawa hii peke yake mwaka hata mwaka, viwavi wachache wasiodhurika nayo huzaana, na watoto wao hawafi. Wataalamu walitangaza mwaka 1990 kwamba jambo hilo limetokea katika visiwa vya Hawaii, kwa kiwavi huyu huyu wa kabichi. Kwa hiyo yafaa kubadili mazao shambani, kung'oa na kufukia mabaki baada ya mavuno, na kunyunyiza pale tu viwavi waonekanapo.

Mwisho twawasihi hivi. Asubuhi baada ya kunyunyiza mtawakuta viwavi wangali hai juu ya majani. Msiseme dawa ni ya uongo, mkarudia sumu. Litazameni jani: je, limeliwa zaidi ya jana? Ikiwa halikuliwa, kazi imekwisha fanyika. Subira yavuta heri.