Soko la Husuni na Daftari Lake

Husuni maana yake ni ngome. Lakini Husuni Kubwa, iliyojengwa juu ya genge la bahari katika Kisiwa cha Kilwa mwanzoni mwa karne ya 14, haikuwa ngome ya vita. Sehemu moja ilikuwa kasri ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yenye birika la pembe nane. Sehemu nyingine ilikuwa ua mpana uliozungukwa na vyumba ambavyo wataalamu wa mambo ya kale huvitambua kuwa bohari na mahali pa biashara. Mtawala na bidhaa walikaa ndani ya ukuta mmoja. Hilo peke yake latosha kutueleza Kilwa iliishi kwa nini.

Ieleweke kwamba dhahabu haikuchimbwa Kilwa. Ilitoka nyanda za Zimbabwe, ikateremshwa Sofala, ndipo ikaletwa kisiwani. Majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalikuja kwa kaskazi na kurejea kwa kusi. Kufika Kilwa na kurudi kuliwezekana ndani ya mwaka mmoja; kwenda Sofala msimu haukutosha. Hapo ndipo wazee wetu walipoona riziki yao. Walipokea nguo, shanga na vyombo vya Uchina na Uajemi, wakatoa dhahabu na pembe za ndovu. Walipiga sarafu zao wenyewe za shaba, na sarafu ya al-Hasan bin Sulaiman imepatikana hata katika magofu ya Zimbabwe Kuu. Ibn Battuta, aliyefika mwaka 1331, aliusifu mji kwa uzuri na Sultani kwa ukarimu.

Soko la namna hiyo husimama juu ya amani na uaminifu. Mwaka 1502 Vasco da Gama alimlazimisha mtawala wa Kilwa kutoa kodi ya dhahabu. Julai 1505 Francisco de Almeida aliuvamia mji, akauteka nyara na kuweka ngome. Mwaka 1512 Wareno waliihama ngome hiyo. Biashara waliyotaka kuishika kwa mizinga ilikuwa imewaponyoka, kwa maana mfanyabiashara hafungi chombo chake penye mzinga.

Lakini haki yatutaka tufungue na ukurasa wa pili. Mwaka 1776 Sultani wa Kilwa alitia mkataba na Mfaransa aitwaye Morice, wa kumpa watumwa 1,000 kila mwaka. Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ikawa mlango mkubwa wa kuwatoa watu waliotekwa bara, hata kutoka pande za Ziwa Nyasa. Bandari iliyopima dhahabu ikahesabu binadamu. Hatusemi haya ili tumwaibishe mtu yeyote. Twasema kwa sababu daftari lenye ukurasa wa faida tu ni daftari la uongo, na watoto wetu wa shule wanastahili kulisoma lote.

Magofu haya ndiyo daftari lenyewe. Mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia. Mwaka 2004 yakatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Mwaka 2014, baada ya kazi kubwa ya ukarabati, yakaondolewa humo. Hiyo ni sifa kwa waliofanya kazi, wala si ruhusa ya kulala. Bahari haijaacha kula ufuko, na mizizi haijaacha kupasua chokaa.

Kwa hiyo twawakumbusha viongozi wetu kwamba fedha za kutunza ukuta hutengwa kabla haujaanguka. Tena mapato ya kiingilio yasomwe mbele ya wananchi wa kisiwa, wajue kilichoingia na kilichowafikia. Mlinzi asiyeona faida ya lindo lake huchoka. Nanyi ndugu zetu wa kisiwani, jiwe la gofu lisiwe la msingi wa nyumba, na mikoko inayouzuia ufuko isigeuzwe kuni. Jiwe likishatoka ukutani, hakuna fundi atakayelirudishia karne zake.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mali ya Husuni ilikwisha kupotea. Daftari lake lingalipo mikononi mwetu.